Chumba cha Mpangaji na Heshima ya Nyumba
Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Oyugis



Mkutano Mkuu uliopita ulituteua watu watatu, yaani karani wa chama, fundi mwashi mmoja, na mama mmoja aliyeishi katika nyumba za kupanga za mji huu kwa miaka mingi. Mlituagiza tuchunguze jinsi kiwanja cha chama, ambacho kimelala bure tangu kilipolipiwa, kinavyoweza kujengwa nyumba ndogo za kupangisha ambazo kodi yake mtu wa mshahara mdogo ataiweza. Leo twaleta jawabu. Karani ndiye asomaye, kwa kuwa ndiye aliyeshika kalamu, lakini maneno ni yetu sote watatu, isipokuwa mahali pamoja ambapo hatukuafikiana. Tutakapofika hapo tutasema wazi.

Kwanza twapenda kuwakumbusha kwamba habari ya nyumba si jambo geni kwa vyama vya ustawi katika sehemu zetu. Mwaka 1923 Askidikoni Owen wa misheni ya C.M.S. alikigeuza chama cha vijana kilichoanzishwa 1921, ambacho wazee walikiita Piny Owacho, kikawa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo. Wanachama wake waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti na kujenga nyumba bora kuliko zile walizozikuta. Wako waliowacheka wakati ule, wakisema kwamba watu walidai haki zao wakapewa kazi ya kuwinda panya. Sisi hatucheki sana. Panya aliyeletwa na nyumba mbovu bado yupo katika mji huu, na tumemkuta katika vyumba vingi tulivyovipima.

Baadaye Umoja wa Waluo nao uliishughulikia habari hiyo mjini Nairobi. Hapo kale mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mwanamume asiye na mke wala mtoto, na mahali pake pa kuishi palipimwa kwa kitanda: ukipata nafasi ya kitanda umepata nyumba. Ni mwaka 1954 tu ambapo Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilipendekeza kwamba mshahara na nyumba vifikiriwe kwa mtu mwenye familia. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa mmoja wa mitaa michache iliyomkubali mke na watoto, na ukumbi wake ukawa mahali pa mabishano mengi ya siasa. Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na kiongozi katika Umoja wa Waluo, aliuawa mwaka 1953, na jina lake likapewa mitaa ya nyumba huko Nairobi na ukumbi wa Kisumu. Umoja wenyewe ulivunjwa mwaka 1980, pamoja na vyama vingine vya makabila, kwa amri ya Rais Moi. Lakini ile hesabu ya kitanda haikuvunjwa. Imehamia Oyugis, nasi tumeiona.

Mji wetu upo kwenye barabara kuu ya Kisumu kwenda Kisii, mahali ambapo barabara ya Kendu Bay inakutana nayo. Samaki wa ziwani wanapanda kutoka chini, ndizi na mboga za Kisii zinashuka kutoka juu, na watu wanaofuata bidhaa hizo ni wengi. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 wameongezeka pia watu wa ofisi, wauguzi, walimu, na vijana wa bodaboda wasiohesabika. Wote hao hutafuta mahali pa kulala. Wanaojenga nyumba za kupangisha ni watu wenye fedha kidogo, nao hujenga kama walivyoona wenzao wakijenga, yaani vyumba vya futi 10 kwa futi 10, safu mbili zikitazamana, choo mwisho wa uwanja. Hiyo ndiyo iitwayo ploti.

Tulizunguka na utepe wa kupimia. Wenye nyumba wengi walitupokea vizuri, na mmoja tu ndiye aliyetufukuza, akidhani tumetumwa na watu wa kodi. Tulilokuta ni hili. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni kama mita mraba 9 na kidogo. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kwamba nyumba moja ya Kenya ina watu 3.9 kwa wastani, basi tuseme wanne. Weka ndani kitanda cha wazazi, meza, viti viwili, sanduku, jiko, ndoo za maji na vyombo. Wale watoto wawili watalala juu ya nafasi iliyobaki baada ya meza kusukumwa ukutani, na mlango hautafunguka mpaka waamke.

Wazee wetu, hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana mengine yote tutakayosema yanatokana na hapa.

Katika ploti moja tulimkuta kijana mwenye mke na watoto watatu. Mama yake mzazi alikuwa ameletwa mjini kwa matibabu, akaambiwa arudi hospitali kesho yake asubuhi. Jioni ikafika. Nyote mwajua desturi yetu: mzazi halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Nyumbani, ndani ya dala, jambo hilo halina taabu, kwa sababu mama ana nyumba yake na kijana ana nyumba yake, na hata mvulana ambaye hajaoa amekwisha toka katika nyumba ya mama yake akajenga simba. Lakini katika chumba cha futi 10 mama atalala wapi? Jirani alikuwa na wageni wake. Gesti ilidai fedha ambazo kijana hakuwa nazo. Yule mama akasema hana usingizi, akaomba kiti, akaketi barazani akiwa amejifunika shuka mpaka alfajiri, mwanawe akiketi pamoja naye. Asubuhi aliingia hospitali akiwa mgonjwa zaidi kuliko alivyotoka jana yake.

Hatukusimuliwa habari hii na mtu wa tatu. Mama aliye katika kamati yetu alikuwa mpangaji katika ploti hiyohiyo, naye ndiye aliyempelekea chai usiku.

Twajua kwamba wako wazee watakaosema: kosa ni la kijana, mji si nyumbani, naye angejenga kwao. Ni kweli kwamba mji si nyumbani. Kesi ya maziko ya S. M. Otieno, iliyokwisha mwezi wa Mei 1987, iliifundisha Kenya nzima tofauti iliyopo kati ya nyumba anayokaa mtu na nyumbani kwake. Lakini muuguzi aliyeajiriwa hapa, ambaye kwao ni Migori, analala mjini karibu mwaka mzima. Watoto wake wanakua mjini. Je, heshima ingoje mpaka Desemba? Tena nyumba ya wazee wetu haikuwa chumba kimoja hata siku moja. Ilikuwa nyumba nyingi ndogo ndani ya boma moja, kila moja na mtu wake, na nafasi kati yao. Anayesema kwamba Mwafrika amezoea kubanana hajaitazama dala.

Kwa hiyo swali tulilojiuliza halikuwa vyumba vingapi vyaweza kuingia katika kiwanja. Tulijiuliza ni kuta zipi zenye faida kwa anayelala ndani, na zaweza kujengwa kwa fedha kiasi gani.

Swali hili limeulizwa na watu wengine pia. Baada ya Vita Kuu ya kwanza miji ya Ujerumani ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba. Huko Frankfurt msanifu Ernst May alijenga maelfu ya nyumba ndogo, na mwaka 1926 bibi mmoja msanifu, Margarete Schütte-Lihotzky, akabuni jiko jembamba lenye upana usiofika mita 2, ambalo ndani yake mpishi anafikia kila kitu bila kutembea. Mwaka 1929 wasanifu wa nchi nyingi walikutana mji huohuo kuzungumza juu ya nyumba ndogo kabisa inayomfaa binadamu. Ajabu ni kwamba yule Ernst May alikuja kuishi kwetu. Alifika Tanganyika mwaka 1934, kisha akafanya kazi Nairobi, akachora mpango wa kupanua Kampala, na akabuni nyumba ya Waafrika ya vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani na kuunganishwa mahali pa ujenzi, yenye paa la kupinda kama la msonge. Nyumba hiyo haikupata kuenea. Sisi twadhani sababu yake si ngumu: fundi wa Oyugis hana kiwanda cha zege, ana mikono, kamba na pima maji. Lakini lile neno la Frankfurt, kwamba udogo wa nyumba si kosa ikiwa kila futi imefikiriwa, tumelichukua.

Tulitazama pia nyumba ya Kiswahili, kama zile za Majengo huko Pumwani na Mombasa: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele. Ni nyumba yenye akili nyingi, na mamia ya maelfu ya watu wa pwani wamepangishwa chumba kimoja kimoja ndani yake bila kuvunjiana heshima. Tumeiacha kwa sababu ukumbi wake unataka kiwanja kipana kuliko chetu, tena huwa giza. Hata hivyo ua na baraza tumeviomba.

Na ghorofa? Vijana wengi walituuliza kwa nini tusijenge kwenda juu. Huko Zanzibar serikali ilijenga magorofa marefu ya Michenzani katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na yangali yamesimama. Lakini ghorofa ni kazi ya mhandisi, chuma na zege la kweli. Mwezi wa Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jumba la kupangisha la Huruma, Nairobi, lilianguka likaua watu kama 50. Chama chenye fedha za mchango hakifai kujifunzia ghorofa juu ya vichwa vya wapangaji. Siku mtakapopata fedha za mhandisi, msingi tunaoupendekeza hautabeba ghorofa, nasi twalisema mapema ili mtu asije akadanganywa na fundi.

Sasa vipimo. Kiwanja chetu ni futi 50 kwa 100, upande mfupi ukitazama barabara. Kikijengwa kwa desturi ya mji, kitaingia safu mbili za vyumba 9, jumla vyumba 18, mgongo wa kila safu ukigusa mpaka wa jirani. Chumba cha namna hiyo kina dirisha mbele tu. Upepo ukiingia hauna pa kutokea, na mtu mmoja akiwa na kifua kikuu wote wanavuta pumzi yake. Uingereza, ambayo ilikuwa imejaza miji yake nyumba zilizopeana migongo kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, ilikataza kwa sheria nyumba mpya za namna hiyo mwaka 1909. Sisi bado twazijenga na kuziita maendeleo.

Tunalopendekeza ni safu mbili zisizofanana, kila moja ikiachwa futi 4 kutoka mpaka ili dirisha la nyuma lifunguke. Safu ya kushoto iwe na nyumba 8 za watu wenye familia. Kila nyumba iwe na upana wa futi 10 na urefu wa futi 15 ndani, imegawanywa kwa kiambaza: chumba cha mbele futi 8, cha nyuma futi 6 na nusu. Chumba cha nyuma ni cha wazazi. Kitanda kikilazwa ubavuni kinabakiza futi 6 za kuweka sanduku na kupita. Chumba cha mbele ni cha kula, na usiku ni cha watoto, ambao kitanda cha kupandana kitawatosha. Safu ya kulia iwe na vyumba 7 vya futi 10 kwa 10 kwa ajili ya wasiooa. Kati ya safu hizo mbili utabaki ua wa futi 15. Mwisho wa safu ya kulia zitabaki futi 26, za vyoo vinne, bafu mbili na tangi.

Mtaona kwamba ndani ya nyumba ya familia mna mita mraba 14 tu, au pungufu kidogo. Mpango wa serikali wa nyumba za gharama nafuu, ambao Sheria ya 2024 inaukatia asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na mwajiri huongeza kiasi kama hicho, unahesabu chumba kidogo kabisa kuwa mita mraba 20. Sisi hatufiki hapo, wala hatutajivuna. Lakini chumba kimoja cha mita 20 bado ni chumba kimoja. Tulipowauliza wapangaji wenye watoto, karibu wote walichagua vyumba viwili vidogo kuliko kimoja kikubwa, na akina mama ndio waliosema hivyo bila kusita.

Kiambaza chenyewe kina sharti, na twamwomba Mwenyekiti aliandike katika kumbukumbu. Katika ploti nyingi za mji huu kuta za kati husimama usawa wa ukuta wa nje, na juu yake, mpaka batini, pakawa wazi. Fundi huokoa matofali machache katika kila ukuta. Matokeo yake ni kwamba mtu akikohoa chumba cha kwanza anaitikiwa chumba cha tisa. Ugomvi wa mume na mke ni habari ya ploti nzima kabla ya kifungua kinywa. Mwizi anapita juu kwa juu, na moto pia. Kuta zote za kati zifike batini, na nafasi za mawimbi ya bati zizibwe kwa udongo na saruji. Hakuna fedha itakayotumika katika jengo hili kwa faida kubwa kuliko hiyo.

Juu ya paa tutasema kidogo. Bati huchoma mchana na hupiga kelele wakati wa mvua, na mvua zetu za alasiri nyote mwazijua. Tena sehemu yetu ya ziwa ni ya malaria, na mbu huingia zaidi kwa ile nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Uchunguzi uliofanywa katika eneo la mashamba ya mpunga la Ahero na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekwa dari ya mikeka ya mafunjo zilipunguza mbu ndani kwa kiasi kikubwa sana. Mafunjo ni yaleyale ambayo mama zetu huyaita togo na kusukia mikeka. Basi dari iwe ya mafunjo, madirisha yawe na wavu, na kuta ziwe na kimo cha futi 9 ili joto lipate pa kukaa juu ya vichwa vya watu. Jumla ya madirisha ya kila chumba isipungue sehemu moja kwa kumi ya sakafu yake.

Matofali. Hapa fundi wetu alizungumza kwa muda mrefu, nasi tutafupisha. Tofali la kuchoma la kwetu ni zuri likiiva, lakini tanuru moja hula miti mingi, na nyie wazee ndio mnaolalamika kila mwaka kwamba vilima vimebaki vipara. Iko mashine ya mkono inayoshindilia udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kama sehemu moja kwa kumi na tano au ishirini, ikatoa tofali lenye meno linaloshikana na lenzake. Halichomwi, bali hufunikwa na kunyweshwa maji kila siku kwa muda wa wiki moja au mbili, kisha huachwa likomae mpaka karibu mwezi mmoja utimie. Kwa kuwa matofali yanashikana, udongo wa kujengea ni haba. Hatari yake ni fundi mwenye haraka asiyeyanywesha. Kabla ya kuamua, udongo wa kiwanja upimwe, kwa maana udongo mweusi unaofura wakati wa mvua haufai kwa tofali hilo wala kwa msingi. Ukikutwa, uchimbwe uondolewe mpaka chini yake.

Maji tutayapata batini. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa la safu ya kushoto peke yake, pamoja na baraza, litapita mita mraba 140, kwa hiyo mvua ya milimita 10 italeta kama lita 1,400, na hata zikipotea kadhaa kwenye milizamu, lita zaidi ya elfu moja zitaingia tangini. Vyoo vinne vina maana kwamba kila nyumba nne hazitazidi choo kimoja, na kila choo kiwe na kufuli na funguo kwa nyumba zake tu. Mama wa kamati yetu asema choo cha watu wote hakisafishwi na mtu yeyote. Kupika kufanywe barazani, kwenye meza ya matofali iliyojengwa ubavuni mwa kila mlango, wala makaa yasiingizwe ndani usiku kwa ajili ya joto, kwa maana hewa yake huua watu usingizini bila kuwaamsha. Ramani lazima ipate kibali cha kaunti, kama Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inavyotaka. Ada yake tumeiweka katika makadirio.

Tumefika kwenye hesabu. Tufanye, kwa mfano tu, kwamba chumba kimoja kinapangishwa kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Vyumba 18 vya desturi vitaleta 36,000. Katika mpango wetu vyumba 7 vya wasiooa vitaleta 14,000, basi nyumba 8 za familia zikilipa 2,750 kila moja zitaleta 22,000, na jumla ni 36,000 ileile. Sakafu itakayojengwa ni futi mraba 1,900 badala ya 1,800, pamoja na viambaza vinane na kuta ndefu zaidi kwenda juu, kwa hiyo gharama ya kwanza itazidi kiasi. Lakini tumeyatazama madaftari ya kodi ya wanachama watatu waliokubali kutuonyesha, nayo yasema kwamba chumba kimoja huhamwa mara nyingi, na kila kikihamwa hukaa kitupu kwa majuma kadhaa. Mwenye familia akipata mahali pa kuwaficha watoto wake haondoki upesi.

Sasa lile jambo ambalo hatukuafikiana.

Mama wa kamati yetu ametaka chumba kimoja kati ya vile saba kisipangishwe. Kiwe chumba cha wageni, chenye vitanda viwili na neti, ufunguo wake ukae kwa mtunzaji, na mzazi wa mpangaji yeyote akija mjini kwa matibabu au kwa msiba alale humo kwa ada ndogo ya kufulia mashuka. Asema kwamba vyumba viwili vimetenga wazazi na watoto, lakini havijamtenga mama na nyumba ya mwanawe, maana paa ni moja na mlango ni mmoja. Kwa hiyo yule mama wa barazani bado angeketi barazani, hata katika nyumba yetu mpya.

Fundi amepinga. Asema kwamba chumba cha watu wote kitageuka stoo ya mtunzaji kabla mwaka haujaisha, au watalala humo jamaa wa viongozi wa chama, na kwamba shilingi 2,000 kila mwezi ni 24,000 kwa mwaka, ambazo zingenunua bati. Hatuwezi kusema kwamba maneno yake ni ya uwongo. Vyama vyetu vimepata kupoteza vitu vikubwa kuliko chumba.

Karani alikaa kati yao kwa majuma mawili, kisha akamfuata mama, kwa sharti kwamba liwepo daftari la wageni litakalosomwa katika kila Mkutano Mkuu, jina kwa jina, usiku kwa usiku, na kwamba mkutano ukiona usiku tatu za jamaa ya mjumbe yeyote wa kamati zisizo za hospitali wala msiba, chumba kipangishwe mara moja. Kwa hiyo twaleta mapendekezo haya kwa kura mbili dhidi ya moja. Mapato yakiwa na chumba cha wageni yatakuwa 34,000 badala ya 36,000. Zile 2,000 ndizo tunazowaomba ninyi, kwa kuwa fedha ni zenu na hatuna idhini ya kuzitoa.

Makadirio ya gharama yako mezani kwa Mweka Hazina, pamoja na ramani. Lakini tumeona kwamba ramani ya karatasi humnyamazisha mtu asiyeizoea, hata akiwa na neno zito la kusema. Kwa hiyo asubuhi ya leo fundi ametandaza nyumba moja ya familia na chumba cha wageni kwa majivu huko nje, chini ya mwembe, kwa vipimo vyake vya kweli, na tumeazima kitanda, meza na viti tukavipanga ndani ya mistari. Kabla ya kupiga kura, twamwomba Mwenyekiti aahirishe kikao kwa nusu saa, ili kila mzee apite mlangoni, aketi chumba cha mbele, aingie cha nyuma, na atuambie mahali ambapo goti lake limegonga. Mawingu yamekwisha kusimama upande wa Kisii, na majivu hayatangoja mvua.